Gari la Kuvuta Tela la Walimu

Alhamdulillah, safari ya Shaaban ya mwaka huu imekwisha salama na walimu wetu wote wamerejea majumbani mwao. Kwa kuwa ndugu zetu wa misikiti mingine wametuuliza mara nyingi ni gari gani tulilolinunua, kwa bei gani, na kwa nini hilo na si jingine, tumeona ni heri tuyaandike yote kwa mara moja katika ukurasa huu wa familia, pamoja na jambo moja ambalo hawakutuuliza.

Msikiti wetu uko Mbagala, kando ya Barabara ya Kilwa. Kwa muda wa miaka minne sasa kamati yetu hupeleka walimu katika vijiji vya wilaya ya Kilwa, hususan vile vya vilima vya Umatumbi, ambako barabara itokayo Njia Nne hupanda kuelekea Kipatimu, na kutoka barabara hiyo vijia vyembamba huingia msituni hadi kwenye vitongoji visivyofikiwa na basi wala gari dogo. Watoto wa huko wana hamu ya kusoma. Chuo wanacho, aghalabu ni banda la makuti chini ya mwembe. Asiyekuwepo ni mwalimu. Mwanzoni walimu wetu walipanda basi kisha wakakodi bodaboda, na kodi hiyo ikawa inakula fedha ambazo zingenunua juzuu na mbao za kuandikia. Waumini wakachanga, zikapatikana pikipiki tatu. Tukadhani tumemaliza kazi.

Pikipiki hizo walimu walikuwa wakizipanda kutoka hapa hapa Mbagala, zaidi ya kilomita 200, juu ya lami ile ile inayopitwa na mabasi ya Mtwara na malori ya korosho. Mwaka juzi, mwezi wa Rajab, mwalimu wetu mdogo kuliko wote alipitwa na lori karibu na Ikwiriri, upepo wa lori ukamsukuma hadi kwenye changarawe za kando, akaanguka na kuvunjika paja. Alilala kitandani miezi mitatu. Ijumaa iliyofuata mama yake alikuja msikitini, akasubiri hadi sala ikaisha, kisha akaomba kuonana na kamati. Hakulia wala hakupaza sauti. Alisema, "Mwanangu nilimtoa kwa ajili ya dini. Sikumtoa kwa ajili ya lori." Akaaga, akaondoka. Hakuna mjumbe aliyepata neno la kumjibu, na sisi tulioshika kalamu hatukujua la kuandika.

Ndipo likapatikana wazo la tela: pikipiki zipande tela, walimu waketi ndani ya gari, na pikipiki ziteremshwe pale ambapo gari haliwezi tena kuendelea. Wazo lilikuwa zuri. Utekelezaji wake wa mara ya kwanza ulikuwa wa aibu, na hapo ndipo tunapoingia sisi.

Gari tuliazima kwa mjumbe mmoja, gari la familia la kubebea watoto shule, na tela tuliazima kwa fundi wa kuchomelea. Mjumbe mwenye gari aliendesha mwenyewe; upakiaji tuliusimamia sisi, katibu. Fundi wa tela alituambia kwa maneno machache kwamba mzigo uelemee mbele kidogo, nasi tukaitikia kama mtu anavyoitikia salamu. Pikipiki mbili zilisimama sawasawa. Ya tatu haikuenea, kwa sababu mbele tulikwisha kuweka maboksi ya vitabu ambayo hatukutaka yapate vumbi. Basi tukailaza ya tatu kukingama, nyuma kabisa, juu ya mkia wa tela, tukaifunga kwa kamba za katani. Tulijiona hodari.

Baada ya Vikindu barabara ina miteremko. Katika mmojawapo gari liliposhika mwendo, tela likaanza kuyumba, kwanza kidogo kama mkia wa mbwa anayefurahi, kisha kwa nguvu, kulia na kushoto, likilivuta gari zima kwa nyuma. Alhamdulillah, mwenye gari hakukanyaga breki kwa hofu. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akashika usukani wima, mwendo ukapungua wenyewe. Lakini kabla tela halijatulia mkia wake ulipita kando ya barabara na kuikumba meza ya mama mmoja muuza machungwa. Machungwa yakatawanyika hadi mtaroni. Yule mama alikuwa ameinuka sekunde chache kabla, kwenda kumchukulia mteja chenji. Tuliiona ndala yake moja chini ya gurudumu.

Tulimlipa machungwa, tukamwomba radhi, tukarudi Mbagala. Jioni ile tulifungua daftari la mihtasari tukaandika: "Safari iliahirishwa kutokana na upepo mkali uliosababisha tela kuyumba." Wajumbe waliokuwamo garini walikuwa wawili, hawakuona namna tulivyopakia, na walipoulizwa walisema kweli tela liliyumba kama linalosukumwa na upepo. Muhtasari ukasomwa, ukathibitishwa, ukatiwa saini. Sisi tulikaa kimya.

Sasa turudi kwenye gari. Kamati iliamua kwamba kuazima kumetosha, tununue gari la msikiti, pikapu, lenye nguvu ya kuvuta tela na kuchukua walimu wanne na dereva. Ndugu msomaji, kama hujawahi kukaa katika kikao cha wanaume kumi na mmoja wanaochagua gari, hujaona bado namna elimu inavyoweza kumshukia mtu ghafla. Kila mmoja alikuwa na gari lake moyoni. Mmoja alipendekeza Kirikuu kwa kuwa ni rahisi na mafuta haili. Ilibidi tumkumbushe kwamba vile vigari vya Suzuki Carry vya Japani vimeundwa kubeba kilo 350, na walimu wetu peke yao, bila ya tela, karibu wangezimaliza. Mwingine alitaka Land Cruiser pikapu, ile yenye injini ya 1HZ ya lita 4.2, na kwa hakika hakuna aliyempinga kwa hoja. Tulimpinga kwa mfuko. Mwenyekiti wetu, Mwenyezi Mungu amhifadhi, alikuwa ameona mahali fulani pikapu nyeupe inayong'aa yenye magurudumu mapana, akasema kwamba gari la msikiti ni heshima ya msikiti na litafaa hata kwa harusi za waumini.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja maamuma wetu, fundi mstaafu wa mitambo ya ujenzi wa barabara, ambaye huketi safu ya tatu na huzungumza kwa nadra. Alisema, "Msianze na gari. Anzeni na mzigo." Akatutaka tulipime tela kabla ya kutamka jina la gari lolote.

Tulilipeleka tela kwenye mizani ya mfanyabiashara wa nafaka. Tela tupu lilikuwa kilo 290. Pikipiki za kawaida za mizigo na bodaboda huwa na uzito wa kilo 120 hivi kila moja, basi tatu ni 360. Ongeza madumu mawili ya petroli ya lita 20, ambayo yakijaa huwa na kilo 30 hivi kwa pamoja, tairi la akiba, vifaa vya ufundi na mikanda ya kufungia: jumla ilifika kilo 740. Mzee akatabasamu. Katika nchi nyingi, alisema, kilo 750 ndizo mpaka wa tela lisilo na breki zake lenyewe. Likizidi hapo sharti liwe na breki. "Nyinyi mko kilo kumi kutoka ukutani, na bado hamjapakia embe za zawadi za wanakijiji." Ushauri wake ulikuwa tela letu lifungwe breki, lipate na ekseli nzuri zaidi.

Kisha alitufundisha jambo ambalo sisi tulilisikiliza kwa moyo mzito kuliko wengine. Aliomba mizani ya kupimia watu, ile ya kusimamia, akaiweka chini ya pua ya tela, pale panaposhikana na gari, juu ya tofali na kipande cha ubao. Pua ya tela, alisema, inapaswa kulielemea gari kwa takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wa tela zima. Kwa kilo 740 ni kilo 70 na kitu. Pua ikiwa nyepesi, maana yake mkia ni mzito, na tela lenye mkia mzito ni kama jiwe lililofungwa kwenye kamba: likianza kucheza kwa mwendo wa kasi, kila mchezo huongeza mchezo unaofuata. Pua ikiwa nzito mno, nyuma ya gari hulala, magurudumu ya mbele hupungukiwa na uzito, na usukani na breki za mbele hulegea. Vijana wakazipanga pikipiki mara tatu, kila mara wakipima. Walipoisukuma ya tatu nyuma kabisa ili kuona tofauti, mshale wa mizani ulirudi karibu na sifuri, na mtu mmoja aliweza kuinyanyua pua ya tela kwa mkono mmoja. Wote walicheka kwa mshangao. Sisi hatukucheka.

Baada ya mzigo kujulikana, hoja za magari zilipungua zenyewe. Kuna waliouliza, je, si afadhali tununue pikapu ya kabini moja yenye bodi ndefu, tupakie pikipiki mbili ndani na tusivute tela kabisa? Ni swali jema, na msikiti wenye walimu wawili tu tungeushauri ufanye hivyo. Lakini kabini moja huketisha watu wawili au watatu, na kumpakia mwalimu nyuma pamoja na pikipiki ni kumrudisha kwenye lile lile aliloliogopa mama yake. Kabini mbili nayo huketisha watu watano, ila bodi yake ni fupi, kama mita moja na nusu, na pikipiki ina urefu wa karibu mita mbili. Kwa hiyo walimu ndani, vitabu na maji kwenye bodi, pikipiki kwenye tela. Mzee alitutahadharisha kwamba uzito wa pua ya tela huhesabiwa kama mzigo uliobebwa na gari lenyewe. Watu watano, vitabu, maji, na zile kilo 70 za pua, vyote hutolewa katika uwezo wa kubeba ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Wengi huangalia tani ngapi gari linavuta, wakasahau kilo ngapi linabeba.

Kuhusu injini, tulitaka dizeli. Si kwa ajili ya mbio. Injini ya dizeli, hasa yenye turbo, hupata nguvu yake ya kuvuta ikiwa bado inazunguka polepole, na hiyo ndiyo nguvu inayohitajika unapoanza kupanda kilima na mzigo nyuma. Tulishindanisha Hilux mbili katika mazungumzo: ile ya zamani yenye injini ya 5L, lita 3 bila turbo, ambayo fundi yeyote wa kijijini anaweza kuifungua, na ile ya baadaye ya lita 2.5 yenye turbo na mfumo wa kompyuta wa kupuliza mafuta. Ya pili huvuta vizuri zaidi ya ya kwanza ingawa injini yake ni ndogo, lakini mifumo hiyo haivumilii dizeli chafu wala yenye maji. Nozeli zake ni ghali. Tulichagua ya pili, tukaweka sharti kwamba chujio la mafuta libadilishwe kabla ya kila safari na dizeli inunuliwe vituo vikubwa tu. Tulitaka pia iwe inayoendesha magurudumu yote manne. Walioikumbuka Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Lindi maeneo ya Somanga, hawakuhitaji kushawishiwa. Mzee aliongeza kwamba kazi kubwa ya gia ile nzito ya chini, kwa mwenye tela, si kupanda bali ni kushuka: injini hulizuia gari na breki zikapumzika. Akatuonya pia tusiendeshe magurudumu manne kwenye lami kavu, kwa maana mfumo wa aina ile huumia.

Gari la kwanza tulilokwenda kulitazama hatutalitaja kwa jina wala muuzaji wake. Lilikuwa jeupe na linang'aa, na mwenyekiti alilipenda. Mzee alilala chini yake na tochi, akakaa huko muda mrefu hadi muuzaji akaanza kutazama saa. Alipotoka alikuwa na rangi nyeusi kwenye kucha. Chesisi ilikuwa imevunjika nyuma, ikachomelewa, ikapakwa rangi, mahali hasa ambapo chuma cha kushikia tela hufungwa. Muuzaji aliulizwa akasema, "Hamkuniuliza." Katika fiqhi tulisoma mlango mzima juu ya aibu ya bidhaa na haki ya mnunuzi ya kuirudisha, na kila mwanafunzi anakijua kile kisa cha Mtume (S.A.W.) kutia mkono katika lundo la chakula sokoni na kukuta unyevu ndani yake. Tulimkumbusha kwa upole. Alijibu kwamba yeye anauza magari na si chakula. Tukaondoka.

La pili lilikuwa Hilux ya kabini mbili, rangi ya kijivu iliyopauka, mlango mmoja umebonyea. Muuzaji, ndugu mmoja wa Temeke, alianza kwa kututajia ubovu wake kabla hatujauliza: klachi inakaribia kwisha, kiyoyozi hakifanyi kazi, mlango huo aliugonga mwenyewe kwenye geti la nyumba yake. Chesisi ilikuwa safi. Bei ilikuwa shilingi milioni 38. Tulikuwa na nusu yake. Kuna aliyetuletea fomu za mkopo wenye riba, tukamrudishia. Muuzaji akakubali nusu taslimu na nusu kwa awamu kumi za mwezi mmoja mmoja, bei ikiwa ile ile iliyokubaliwa siku ya kwanza, isiyoongezeka hata tukichelewa. Katika fedha zile zilikuwamo za mama lishe wa kituo cha daladala, aliyekuwa akileta elfu mbili kila Ijumaa ndani ya mfuko wa chumvi, na pete ya mjane mmoja ambayo mweka hazina alikawia kuiuza wiki tatu kwa kuona uchungu.

Tuliambiwa tuandike mkataba wa deni. Kwa kuwa sisi ndio tuliosoma chuo, kikao kilitutaka pia tuwaeleze wajumbe aya ya 282 ya Suratul Baqarah, aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, inayohusu kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Tuliieleza. Tulipofika mahali inapomtaja mwandishi na kumtaka aandike kwa uadilifu, tulipita haraka kidogo, lakini tulipita.

Baadaye kikafuata kipengele cha bajeti. Breki za tela, ekseli na chuma kipya cha kushikia tela kinachofungwa kwenye chesisi, si kwenye bampa, vilikadiriwa shilingi milioni moja na laki nne. Mweka hazina wetu ni mtu makini. Senti ya msikiti kwake ni kama mboni ya jicho. Alifungua daftari la mihtasari, akaisoma ile sentensi yetu kwa sauti: safari iliahirishwa kutokana na upepo mkali. Akasema, "Tela halikuwa na kosa. Upepo ni wa Mwenyezi Mungu, na breki hazizuii upepo. Kilo 740 bado ziko chini ya 750. Kwa nini tutumie fedha ya mjane kutibu ugonjwa ambao tela haliumwi?" Wajumbe wanne waliunga mkono. Mzee fundi hakuwa mjumbe, hakuwamo kikaoni. Mwenyekiti akaangalia saa, adhana ya Magharibi ilikuwa karibu, akasema kipengele hicho kifutwe, tuendelee.

Kalamu ilikuwa mikononi mwetu. Tulipaswa kuandika neno moja tu: "Kimefutwa."

Hatudai kwamba tulikuwa mashujaa. Tuliandika herufi mbili za kwanza. Tuliuona mguu wa yule kijana ulivyokuwa umening'inizwa kitandani, tukaiona na ile ndala, tukasema, kwa sauti ambayo hata sisi hatukuipenda, kwamba siku ile hapakuwa na upepo. Kwamba pikipiki ya tatu tuliipakia sisi, nyuma kabisa, baada ya fundi kutuonya. Kwamba sentensi ile ni yetu na si ya kweli.

Palikuwa na kimya. Mjumbe mwenye lile gari la familia alitutazama kwa muda mrefu. Watoto wake watatu hupanda gari lile kila asubuhi, na kwa mwaka mzima alikuwa akijilaumu kwamba pengine matairi yake hayakuwa na upepo wa kutosha. Alikwisha kubadilisha yote manne kwa fedha yake. Hilo hatukulijua. Hakutukaripia. Alisema tu, "Ungeniambia, katibu." Tulitamani angetukaripia.

Mweka hazina aliuliza swali moja, "Machungwa mlilipa?" Tukasema ndiyo. Akasema basi na hili lilipwe, akakirudisha kipengele cha breki katika bajeti kwa mkono wake. Kuhusu muhtasari wenyewe, baadhi walipendekeza ukurasa uchanwe. Mwenyekiti alikataa. Mstari ulikatwa kwa wino mwekundu ili uendelee kusomeka, juu yake tukaandika ilivyokuwa, na watu watatu wakatia saini. Tuliomba kujiuzulu. Kikao kilikataa, na mwenyekiti akasema sababu yake ni kwamba hakuna mwingine mwenye mwandiko unaosomeka.

Tela lilifungwa breki. Kuna jambo dogo la kiufundi tuwaachie wanaotaka kufuata njia hii: lile tufe la chuma ambalo shingo ya tela hulikalia huuzwa kwa vipimo viwili vinavyokaribiana sana, milimita 50 na inchi 2, yaani milimita 50.8. Kwa macho huwezi kuvitofautisha. Shingo ya kipimo kimoja ikiwekwa juu ya tufe la kipimo kingine huweza kuonekana imeshika na isiwe imeshika. Chukueni kalipa, mpime. Minyororo miwili ya usalama ipite chini ya shingo kwa kukingamana, ili shingo ikichomoka iangukie juu ya minyororo na isichimbe lami. Taa za nyuma na indiketa zijaribiwe kila mara mnaposimama. Tela lina usajili wake na namba yake, msilisahau kwenye bima. Na ile mizani ya kupimia watu sasa tunasafiri nayo. Vijana wanaiita "mizani ya katibu," na tumeacha kuwakataza.

Mwalimu wetu aliyevunjika paja alisafiri nasi Shaaban hii. Anachechemea kidogo akiteremka. Mama yake alikuja alfajiri ya siku ya safari, akazunguka gari na tela kimya kimya, akavuta kila mkanda mmoja baada ya mwingine kwa mikono yake yote miwili. Mmoja ulikuwa umelegea. Aliuonyesha kwa kidole, akasubiri hadi ulipokazwa.

Kilima cha kuelekea Kipatimu kilituchukua kwa gia ya kwanza na ya pili, vumbi jekundu limetufunika, na joto la injini lilibaki pale pale katikati. Pikipiki ziliteremshwa juu, walimu wakagawana vijia. Tulikaa siku kumi na moja.

Wakati wa kurudi tulimwomba dereva asimame baada ya Vikindu. Yule mama alikuwa pale pale na meza mpya. Alitukumbuka, au alilikumbuka tela. Tulimweleza kwamba siku ile tuliwaambia watu ni upepo, na kwamba haukuwa upepo. Alikuwa anamenya chungwa, hakuacha kumenya.

"Nilijua," alisema. "Siku ile moshi wangu wa mahindi ulikuwa unapanda wima."

Tulinunua machungwa mia moja kwa ajili ya watoto wa madrasa. Aliyahesabu mara mbili, akatuongeza matano, kisha akamwambia dereva wetu kwamba mara nyingine tukija kununua, tela tuliegeshe ng'ambo ya barabara.